Maswali ya Wasomaji: Androidi wa Hadithini Anaishije Ndani ya Mwili Wake?

Baada ya kutangaza katika toleo lililopita kwamba ukurasa huu utapokea maswali kuhusu hadithi za kubuni za kisayansi, barua nyingi zilizotufikia kutoka Dodoma mjini na wilayani zimeuliza, kila moja kwa namna yake, kuhusu androidi, yaani roboti aliyeundwa afanane na binadamu kiasi cha kuishi katikati ya watu bila kutambuliwa. Maswali kuhusu roho yake na haki zake tumeyaweka kando kwa sasa. Yanayojibiwa hapa ni yale yanayohusu mwili wenyewe.

Shikamoo Mhariri. Ninasoma chuo hapa Dodoma, na ninaandika riwaya fupi kuhusu androidi anayeuza katika duka la dawa Ipagala, ambaye majirani wote wanamdhani mtu wa kawaida. Dada yangu aliposoma sura mbili za mwanzo aliniuliza: huyu nguvu zake anazipata wapi, na ugali anaokula na wenzake kila mchana unakwenda wapi? Nilikosa jibu. Je, androidi anaweza kula kweli, au anajifanya tu?
*Mwandishi mchanga, Ipagala*

Marahaba. Dada yako ameuliza swali ambalo waandishi wengi hulikwepa, nawe ukilijibu mapema hadithi yako itasimama imara.

Tuanze na binadamu. Mtu mzima anayekula chakula cha kilokalori 2,000 kwa siku anapata nishati inayolingana na uniti 2.3 za umeme, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU (uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja). Kwa kiasi hicho kidogo anatembea, anafikiri, anapigana na maradhi na kutunza joto la mwili mchana na usiku, na ubongo wake wote hauchukui zaidi ya wati 20 hivi. Hakuna mashine iliyokwisha kuundwa inayofanya mambo hayo yote kwa bei hiyo. Tukichukulia kwamba androidi wako anatumia wastani wa wati 500 anapokuwa kazini, siku ya saa 10 itamgharimu uniti 5. Betri nzuri za lithiamu hubeba takribani robo ya uniti kwa kila kilo, kwa hiyo atahitaji kilo 20 za betri, nazo zitachukua sehemu kubwa ya kifua chake. Hilo si la kubuni: ASIMO, roboti mwenye umbo la mtu aliyetolewa na kampuni ya Honda mwaka 2000, alibeba betri yake mgongoni kama begi, na hata alipoboreshwa baadaye hakuweza kutembea kwa muda unaozidi saa moja hivi kabla ya kuhitaji chaji.

Sasa linganisha na mafuta ya mwilini. Kilo moja ya mafuta ina nishati ya uniti 10 hivi, yaani sawa na kilo 40 za betri. Ndiyo maana wazo la androidi anayekula lina mvuto wa kweli. Isaac Asimov alilitumia katika hadithi yake ya mwaka 1976, *The Bicentennial Man*, ambamo roboti Andrew, aliyekuwa akiendeshwa kwa nguvu ya atomu, anabuni viungo vya kumwezesha kupata nishati kwa kuunguza chakula, kwa sababu anataka kuukaribia ubinadamu. Lakini piga hesabu kabla hujamwiga. Nusu kilo ya unga wa mahindi ina nishati ya uniti 2 hivi, na kama tumbo la mashine litafanikiwa kugeuza robo yake kuwa umeme, inabaki nusu uniti, inayotosha saa moja tu ya kazi. Kwa siku ya saa 10 muuza dawa wako angehitaji kilo 5 za unga. Majirani wa Ipagala wangeliona hilo haraka kuliko kitu kingine chochote.

Ushauri wangu ni kwamba ale kwa kujifanya, na gharama ya kujifanya huko uionyeshe. Kutafuna kunahitaji mate, kumeza kunahitaji koo linalosukuma, na ugali ule unaishia katika mfuko ambao lazima autoe na kuusafisha usiku kabla haujachacha. Nguvu zake halisi azipate kwenye soketi ya chumbani. Mpangaji anayeishi peke yake, asiye na friji wala pasi, lakini anayemaliza uniti 5 kila usiku, atamtia mashaka mwenye nyumba kuliko macho yenye kung'aa.

Ndugu Mhariri, ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari wilayani Kongwa. Wanafunzi wangu waliniuliza kwa nini androidi wa kwenye filamu wanapumua ilhali hawahitaji oksijeni. Je, kuna sababu ya kifizikia, au ni kwa sababu waigizaji ni watu na hawawezi kuacha kupumua?
*Mwalimu, Kongwa*

Mwalimu, sababu ya pili ni ya kweli, lakini ya kwanza ndiyo inayofaa kupelekwa darasani.

Umeme wote unaoingia katika mashine huishia kuwa joto, isipokuwa sehemu ndogo sana. Androidi wa wati 500 ni jiko dogo lililovishwa nguo, na lisipopata pa kutolea joto, kompyuta ya kichwani na mota za viungoni zitaharibika mapema. Waandishi wa tamthilia ya televisheni ya *Star Trek: The Next Generation* walilitambua hilo. Androidi wao aitwaye Data anaeleza, katika kipindi cha mwaka 1993, kwamba mfumo wake wa kupumua upo kwa ajili ya kudhibiti joto la ndani, na kwamba mzunguko wa majimaji mwilini mwake huzalisha vilainishi na kurekebisha nguvu za haidroliki, yaani nguvu za kusukuma kwa shinikizo la majimaji. Nalipenda jibu hilo kwa sababu linakipa kiungo cha binadamu kazi nyingine yenye maana, badala ya kukiacha kiwe pambo.

Hata hivyo, wape wanafunzi wako kazi ya kukokotoa kama pumzi inatosha. Hewa ya Kongwa, ikiingia kavu na kutoka ikiwa imepanda nyuzi 20, ingelazimika kupita kifuani kwa zaidi ya lita 20 kila sekunde ili ichukue wati 500. Mtu aliyetulia hupumua lita 6 hadi 8 kwa dakika nzima. Androidi wa namna hiyo angevuma kama mashine ya kupulizia moto wa muhunzi, na hakuna jirani ambaye angedanganyika.

Kwa hiyo atatoka jasho. Lita moja ya maji inapogeuka mvuke huondoka na joto la megajuli 2.4 hivi, na wati 500 kwa saa moja ni megajuli 1.8, ambayo ina maana kwamba robo tatu ya lita kwa saa inatosha. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyohiyo, kwa kuyaacha yapenye taratibu hadi nje na kukauka. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Tokyo walilifanya jambo hili kwa vitendo mwaka 2016 katika roboti wao aitwaye Kengoro, mwenye kimo cha sentimita 167, uzito wa kilo 56 na mota 108. Mifupa yake ya alumini ilichapwa kwa leza ikiwa na vinjia vidogo vya maji, na maji yale yalipovuja na kukauka juu ya mifupa, Kengoro aliweza kupiga pushapu kwa dakika 11 mfululizo bila mota zake kuungua.

Hapa mkoa wetu una neema na shida kwa pamoja. Kati ya Mei na Novemba hewa ya Dodoma ni kavu na ina upepo, kwa hiyo jasho hukauka upesi na kupoza vizuri, tofauti na Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa imeshiba unyevu na maji yangechuruzika mwilini bila faida kubwa. Lakini kwa siku ya kazi ya saa 10 anahitaji lita 7 na nusu, zaidi ya theluthi ya ndoo ya lita 20, na kila mkazi wa mkoa huu anajua thamani ya ndoo ya maji mwezi wa Oktoba. Tena maji ya visima vyenye chumvi yataacha ukoko katika vinjia hivyo kama yanavyoacha ndani ya birika, na baada ya miezi kadhaa jasho litaziba. Mwandishi atakayemfanya androidi achemshe maji, ayachuje na kuyahifadhi kwa uangalifu kuliko mama wa nyumba yoyote atakuwa amesema ukweli wa kifizikia na ukweli wa Dodoma kwa mpigo mmoja.

Habari za kazi, Mhariri? Mimi ni dereva wa bodaboda, kituo changu kipo Majengo. Nikimpakia androidi, nitajua?
*Dereva, Majengo*

Salama, ndugu yetu. Inategemea aliyemuunda. Mwili wa mtu wa kilo 65 una ujazo wa lita 65 hivi, na ujazo huo ukijazwa chuma cha pua bila kuacha uwazi utapita kilo 500, hata pikipiki isiondoke kituoni. Lakini hakuna fundi mwenye akili atakayejaza chuma. Akitumia mifupa ya alumini yenye uwazi ndani na plastiki ngumu, abiria wako atakuwa na kilo 80 hadi 100, jambo la kawaida kwako. Utakachokihisi ni pale mnapokata kona, kwa sababu betri zimefungwa mahali pamoja, na mwili wake hautalegea na kufuata pikipiki kama wa abiria aliyezoea.

Ndugu Mhariri, nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi hapa mjini. Katika filamu androidi akikatwa hutoa majimaji meupe, na katika michezo ya kompyuta ya wanangu hutoa ya buluu. Majimaji hayo yana kazi gani? Na je, androidi akiletwa wodini ningemtambua kwa kumpima mapigo?
*Muuguzi, Dodoma mjini*

Rangi, Muuguzi, imewekwa kwa ajili ya mtazamaji, ili papo hapo ajue kwamba aliyejeruhiwa si mtu. Filamu ya *Alien* ya mwaka 1979 ndiyo iliyozoesha watu majimaji meupe. Mchezo wa kompyuta wa *Detroit: Become Human*, uliotoka mwaka 2018, ulichagua buluu na kuongeza jambo lenye manufaa makubwa kwa msimulizi: majimaji yale hukauka na kutoonekana kwa macho ya binadamu baada ya saa chache, lakini androidi mwenzake bado anaweza kuyaona.

Ukiondoa rangi, kazi zinazowezekana ni tatu, na mwandishi makini atajua anatumia ipi. Yanaweza kuwa ya kupoza, yakichukua joto kutoka kichwani na kulipeleka kwenye ngozi. Yanaweza kubeba nishati, kama damu inavyobeba sukari. Au yanaweza kuwa mafuta ya haidroliki yanayosukuma viungo kwa shinikizo kubwa, kama katika Atlas, roboti wa kampuni ya Boston Dynamics ya Marekani, aliyetumia haidroliki kuanzia mwaka 2013 hadi alipostaafishwa mwaka 2024 na nafasi yake kuchukuliwa na wa umeme. Tofauti yake inaonekana anapojeruhiwa. Binadamu anayevuja damu huishiwa fahamu, kwa sababu ubongo ndio unaokosa oksijeni. Androidi wa haidroliki akikatwa mkono ataendelea kufikiri na kuzungumza vizuri kabisa, huku kiungo kimoja baada ya kingine kikilegea kadiri shinikizo linavyoshuka. Ni hali ya kutisha kuliko kuzimia, na nashangaa kwamba haiandikwi mara nyingi zaidi.

Kuhusu mapigo, tahadhari. Pampu inayozunguka bila kusita haina sababu ya kupiga, kwa hiyo usingehisi kitu kwenye kifundo cha mkono, isipokuwa kama aliyemuunda ameweka mapigo ya bandia kwa ajili ya wauguzi kama wewe. Lakini wapo binadamu halisi waliowekewa pampu za namna hiyo kuusaidia moyo uliochoka, na wengi wao hawapatikani mapigo kwa vidole, ingawa wako hai na wanakusalimia. Kukosa mapigo peke yake hakutoshi. Kumchoma sindano ya kutoa damu kungekupa jibu la hakika zaidi.

Mhariri, ninashona nguo Mpwapwa. Je, androidi angeweza kushika sindano na kupiga pindo la mkono vizuri kama mtu?
*Fundi cherehani, Mpwapwa*

Fundi, umetaja sehemu ngumu kuliko zote. Shika mkono wako wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo, kwa vidole vya kushoto, kisha chezesha vidole vya kulia kama unayepiga zeze. Utahisi misuli ikienda na kurudi chini ya ngozi mbali kabisa na vidole, kwa sababu vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Vinavutwa kwa kano ndefu zinazopita kifundoni na kuingia katika kiganja chenye mifupa midogo mingi, kwani mkono mmoja, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27.

Waundaji wa androidi wa hadithini, na wa kweli, huiga mpango huohuo: mota zinawekwa katika sehemu ya mbele ya mkono, na nyaya nyembamba zinafanya kazi ya kano. Hivyo kidole kinabaki chembamba. Shida ya kwanza ni kwamba waya unaovutwa maelfu ya mara hurefuka kidogo kidogo, na fundi wa namna hiyo baada ya miaka angeanza kukosea mahali pa kuchoma sindano hadi akazwe upya. Shida ya pili ni kubwa zaidi. Wewe hushoni kwa kuona tu, unashona kwa kuhisi uzi unavyokaza na kitambaa kinavyoteleza kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na ncha hizo mbili zinapeleka taarifa nyingi kwa kila eneo dogo kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya ngozi yako. Androidi anayeinua gunia la mahindi kwa mkono mmoja ni rahisi kumwamini. Anayepiga pindo la hariri bila kuacha kunyanzi anahitaji mwandishi amweleze.

Ndugu Mhariri, ninaishi Chamwino. Binti yangu aliniuliza kwa nini mtu amtengeneze androidi anayeumia, wakati angeweza kumtengeneza asiyesikia maumivu. Nilimwambia labda ni ukatili tu. Nilimjibu sawa?
*Mzazi, Chamwino*

Mzazi mwenzangu, jibu lako lina sehemu ya ukweli, ila kuna jibu la zamani linalostahili kumfikia binti yako. Katika *R.U.R.*, mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek uliochapishwa mwaka 1920, maroboti si ya chuma. Yanatengenezwa kiwandani kwa nyama iliyobuniwa, maini yakichanganywa katika mapipa na neva zikisokotwa kama nyuzi. Hayahisi maumivu, nayo kwa sababu hiyo yanajiharibu, na mmoja wa wataalamu wa kiwanda, Dk. Gall, anafanyia majaribio neva za maumivu kwa hoja ya kiuchumi: mali isiyoumia haijilindi.

Hoja hiyo ni sahihi hata kwa mwili wetu. Wapo watu wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu, na tangu utotoni hujing'ata ulimi, hujiunguza, na viungo vyao huharibika kwa kuwa hakuna kinachowaambia wapumzishe mguu uliotenguka. Mgonjwa wa ukoma aliyepoteza hisia vidoleni hupata majeraha kwa njia hiyohiyo, si kwa sababu ugonjwa unakula vidole bali kwa sababu mkono hauondoki kwenye moto.

Kwa hiyo androidi atahitaji vihisio vinavyomwambia kwamba goti limepata joto kupita kiasi au ngozi imechanika. Kama taarifa hiyo ni namba tu inayosomwa na kompyuta, anaweza kuiahirisha mpaka amalize kazi, na aliyemuunda hajamtendea ukatili wowote. Ukatili unaingia pale muundaji anapoifanya taarifa isiyoweza kupuuzwa, inayokatiza kila wazo lingine hadi itulizwe, kwani hilo ndilo linalofanya maumivu yawe maumivu. Mwandishi anayemuumba mhusika wa namna hiyo ana deni la kusema ni nani aliyeamua hivyo, na kwa faida ya nani. Binti yako ameliona deni hilo bila kusoma mchezo wowote.

Mhariri, je, ngozi ya androidi inaweza kuwa ngozi halisi? Na vumbi letu la Agosti halitamharibu?
*Msomaji, Bahi*

Inaweza, kwa masharti. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walikifunika kidole cha roboti kwa ngozi iliyooteshwa kutoka chembe hai za binadamu, ikakunjika pamoja na kidole, na ilipochanwa ilipona baada ya kubandikwa utando wa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Lakini ngozi ile haikuwa na mishipa ya damu, na ilihitaji kuwekwa mahali penye unyevu ili isife. Filamu ya *The Terminator* ya mwaka 1984 ilikuwa imekwisha kuligusa tatizo hilo, kwani nyama iliyofunika mashine yake inapojeruhiwa huanza kunuka. Kwa hewa ya Bahi wakati wa kiangazi, ngozi hai isiyolishwa na damu ingepasuka haraka sana. Silikoni ingemfaa zaidi, ingawa haitoi jasho mpaka itobolewe.

Vumbi lina dawa yake. Viungo hufungwa kwa mipira ya kuzibia, ambayo hubadilishwa inapochakaa. Macho yana hatari zaidi, maana ni kamera, na mchanga mwembamba huchubua kioo. Yeye, kama sisi, atahitaji machozi na kope za kufuta, na akiishiwa maji ya kutengenezea machozi hayo asikubali kusafisha macho kwa kitambaa kikavu.